Bedfordshire: trola ya uvuvi iliyokwenda kuwinda nyambizi Marekani

Msomaji mmoja anauliza: "Nimesoma kwamba mwaka 1942 trola ya Waingereza iitwayo Bedfordshire ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na pwani ya Marekani, wakafa wote waliokuwemo. Ninavyojua mimi, trola ni meli ya kukokota nyavu. Ilikwenda Marekani kufanya nini? Chombo cha uvuvi kinawindaje nyambizi? Na imekuwaje hata wito wa msaada haukusikika?"

Nianze na chombo chenyewe, maana nusu ya jibu imo humo.

Bedfordshire iliundwa mwaka 1935 na kampuni ya Smiths Dock, huko South Bank karibu na Middlesbrough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwa ajili ya wavuvi wa bandari ya Grimsby. Urefu wake ulikuwa mita 49 na kitu, upana mita 8 hivi, ujazo tani 443. Haikuwa chombo cha kuvulia karibu na nyumbani. Trola za Grimsby za aina yake zilikwenda Iceland na bahari za karibu na ncha ya kaskazini, kwenye baridi ambayo maji yakirukia sitahani yanaganda palepale. Kwa hiyo omo, yaani sehemu ya mbele, iliinuliwa juu ipasue mawimbi, mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ukashuka chini sana ili chombo kisipinduke, na ndani kukawa na nafasi kubwa ya makaa ya mawe, kwa sababu safari moja iliweza kuchukua wiki tatu. Injini yake ya mvuke iliisukuma kwa noti 12, yaani kilomita 22 kwa saa. Shika namba hiyo ya 12, tutairudia mara nyingi.

Agosti 1939, siku chache kabla ya vita, Wizara ya Majini ya Uingereza iliinunua. Haikuwa peke yake. Trola kwa mamia zilichukuliwa namna hiyo. Manowari za kasi zilikuwa chache, kuunda mpya kunachukua zaidi ya mwaka, lakini trola zilikuwa zimefungwa gatini tayari. Meli ya kuwinda nyambizi inahitaji kwanza kuweza kukaa baharini siku nyingi katika hali mbaya ya hewa, na pili kubeba uzito mkubwa sehemu ya tezi, yaani nyuma, bila kulemewa. Trola ilizoea yote mawili: winchi, nyavu, milango ya nyavu, barafu na tani kwa tani za samaki. Hata watu walikuja pamoja na vyombo. Wengi walikuwa wavuvi wa akiba walioingizwa katika Kikosi cha Doria cha Jeshi la Majini, ambacho makao yake makuu yalikuwa Lowestoft, mji wa wavuvi pia.

Kuigeuza trola kuwa meli ya vita kulifuata mpango uleule karibu kila mahali. Zana za kukokotea nyavu ziling'olewa. Ngama, yaani ghala la samaki chini ya sitaha, ilisafishwa, ikatiwa vitanda na meza, ikawa makazi ya mabaharia, kwa sababu meli iliyovua na watu 20 sasa ilihitaji karibu 40. Hapo panazuka tatizo asilolifikiria mtu wa nchi kavu: chombo kilichoundwa kurudi kimejaa samaki, ukikiondolea shehena na kukiwekea mzinga juu, kinakuwa chepesi chini na kizito juu. Lazima kitiwe farumi, yaani uzito wa chini wa kukituliza, ya kutosha, la sivyo kitayumba hadi mabaharia washindwe kufanya kazi. Omoni sitaha iliwekewa nguzo za kuitegemeza, na juu yake ukafungwa mzinga wa inchi 4, ambao kombora lake lina uzito wa kilo 14 hivi. Juu kwenye daraja ikawekwa bunduki ya mashine ya Lewis kwa ajili ya ndege. Tezini zikafungwa reli mbili za kuangushia mabomu ya kina, yaani yanayolipukia chini ya maji, na ubavuni vifaa vya kuyarusha kulia na kushoto. Kisha meli ikaingizwa chelezoni ili kitu muhimu kuliko vyote kifungwe chini ya mkuku: kuba la asdiki.

Asdiki ni jina walilotumia Waingereza kwa kile ambacho leo kila mtu anakiita sona. Ndani ya kuba mna kipande cha gwaru (jiwe la kwatzi) kilichobanwa kati ya mabamba ya chuma. Kikipitishiwa umeme kinatetemeka na kutoa mlio mkali majini. Mlio ukigonga kitu kigumu unarudi, na kipande hichohicho kinaugeuza kuwa umeme tena hadi kwenye vipokea sauti masikioni mwa mhudumu. Sauti majini huenda mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, kitu kiko mita 1,500 mbali. Mlio hauendi pande zote kwa pamoja. Ni kama tochi nyembamba gizani: mhudumu anaelekeza upande mmoja, anapiga, anasikiliza, anasogeza nyuzi 5, anapiga tena. Mwangwi ukiwa mkali zaidi kuliko mlio uliotoka, kitu kinakuja; ukiwa mzito zaidi, kinaondoka. Mhudumu mzuri alitofautisha nyambizi na kundi la samaki au mabaki ya meli kwa sikio tu, saa nne mfululizo, meli ikirushwa na mawimbi.

Asdiki ina mipaka mitatu. Kwanza, mlio husafiri kwa mlalo. Ukikaribia nyambizi iliyo chini sana, inapita chini ya mlio na mwangwi unapotea, mara nyingi mkiwa bado mita 200 au 300 kutoka kwake. Pili, maji ya moto yakikutana na ya baridi, mlio unapinda. Tatu, nyambizi iliyo juu ya maji asdiki haiioni vizuri. Mwili wake mwingi uko nje ya mlio, na kelele za mawimbi zinafunika kilichobaki.

Sasa mabomu. Bomu la kina lililotumika sana, Mark VII, lilikuwa pipa la chuma lenye baruti kilo 130 hivi. Katikati yake lina bomba lenye kilipuzi kinachoendeshwa na mgandamizo wa maji. Kabla ya kuliangusha, baharia anatumia ufunguo kuchagua kina cha kulipukia: futi 50, 100, 150, 250, 350 au 500, yaani kuanzia mita 15 hadi 152. Bomu linazama mita 2 kwa sekunde mwanzoni, likishuka linaongeza mwendo hadi mita 3. Kwa kawaida trola iliangusha matano kwa shambulio moja: moja kutoka reli ya tezi, kisha mawili yakarushwa kulia na kushoto umbali wa mita 40 hivi huku la pili la reli likianguka, halafu la mwisho nyuma. Linatokea umbo la msalaba majini, na nia ni nyambizi iwe katikati.

Fanya hesabu, utaona ugumu wake. Chukua nyambizi iliyo mita 100 chini, ikienda noti 6, yaani mita 3 kwa sekunde. Trola inapoteza mwangwi ikiwa mita 250 mbali, na kwa noti 12 inakwenda mita 6 kwa sekunde, kwa hiyo inachukua sekunde 40 kufika juu yake. Bomu linachukua zaidi ya sekunde 33 kushuka. Jumla ni sekunde 70 na zaidi za upofu, na katika muda huo nyambizi imesogea mita 200 kuelekea upande iliochagua yenyewe. Bomu hilo lilipasua mwili wa nyambizi likilipuka ndani ya mita 6 au 7. Kwa mita 12 lingeweza kuiharibu kiasi cha kuilazimisha ipande juu. Nje ya hapo linavunja taa na kutia watu hofu. Ndiyo maana mashambulizi mengi yalishindwa hata yalipofanywa na watu hodari, na ndiyo maana trola ilibeba mabomu mengi sana. Bedfordshire ilibeba kati ya 80 na 100.

Kwenye maji mafupi tatizo linageuka. Nyambizi haina pa kushuka, lakini bomu lazima lilipuke karibu na juu. Likiwekwa futi 50 linalipuka baada ya sekunde 7, na kwa noti 12 trola inakuwa imesogea mita 43 tu, pungufu ya urefu wake yenyewe. Manowari ya noti 30 inakimbia mlipuko wake. Trola inaupokea tezini: riveti zinalegea, mabomba ya mvuke yanapasuka, asdiki inazima. Nahodha wa trola alipaswa kupima kila mara kati ya kumdhuru adui na kujidhuru.

Na bomu la kina halichagui. Mtu anayeogelea karibu na mlipuko anaumia ndani ya tumbo na kifua hata kama ngozi haina jeraha. Watu wa pwani yetu wana sababu ya kulikumbuka hilo: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa kwenye msafara uliotoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu 1,297, wakiwamo mamia ya askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Manowari Petard na Paladin zililazimika kuangusha mabomu huku manusura wangali majini. Nyambizi ile ilizamishwa, lakini kwa uamuzi ambao hakuna nahodha aliyetaka kuufanya.

Pamoja na mapungufu hayo yote, trola ziliweza kuua, na nasisitiza hilo kwa sababu wengi huziandika kama meli za kuhurumiwa tu. Tarehe 19 Juni 1940, karibu na Aden, trola Moonstone iliishambulia kwa mabomu nyambizi ya Kiitaliano Galileo Galilei, ambayo siku tatu kabla ilikuwa imezamisha meli ya mafuta ya Norway, James Stove. Nyambizi ilipanda juu kupigana kwa mizinga. Ilikuwa na miwili mikubwa, trola mmoja. Makombora ya Moonstone yaliupiga mnara, yakamuua nahodha wa Kiitaliano na maofisa wake, na nyambizi ikajisalimisha, ikakokotwa hadi Aden na nyaraka zake ndani. Machi 1941, kusini mwa Iceland, trola Visenda iliizamisha U-551. Tarehe 4 Oktoba 1941, upande wa visiwa vya Canary, Lady Shirley iliilazimisha U-111 kupanda juu, ikapigana nayo kwa mzinga mpaka ikazama, na kuokota mateka 44, wengi kuliko mabaharia wake yenyewe. Wiki kumi baadaye, Desemba 11, Lady Shirley nayo ilipigwa topedo na U-374 karibu na Gibraltar. Hakuna aliyepona.

Ukitazama mapigano hayo kwa makini, utaona kitu kimoja: kila mara trola iliposhinda, ilikuwa imeisikia nyambizi iliyo chini ya maji, ikaipiga kwa mabomu ya kina. Iliposhindwa, nyambizi ndiyo iliyoiona kwanza.

Sasa twende Marekani. Desemba 1941 Ujerumani iliitangazia Marekani vita, na Januari 1942 nyambizi za kwanza zilifika pwani ya mashariki. Zilikuta mambo ambayo manahodha wao hawakuyatarajia. Miji ilikuwa imewasha taa, meli za mafuta zikipita mbele ya mwanga huo zinaonekana kama kivuli ukutani, na kila moja ikisafiri peke yake bila msafara. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa na manowari, ila nyingi zilikuwa kwenye misafara ya kuvuka Atlantiki au Pasifiki. Meli ndogo za ulinzi wa pwani zilikuwa haba mno. Eneo lililoumia zaidi lilikuwa North Carolina, kati ya Cape Hatteras na Cape Lookout, kwa sababu hapo rasi inachomoza baharini na meli zote za kaskazini na kusini zinabanwa kupita mahali pamoja.

Waingereza, ambao mafuta yao yalikuwa yanazama pale, waliazimisha trola 24 za kupambana na nyambizi pamoja na mabaharia wake. Bedfordshire ilikuwa mojawapo, ikiwa chini ya Luteni R. B. Davis wa jeshi la akiba. Kuvuka Atlantiki ya kaskazini mwishoni mwa majira ya baridi kwa noti 12 ni kazi hata bila adui, na adui alikuwepo: Machi 7 trola Northern Princess ilipigwa topedo na U-94 njiani, ikapotea na watu wake wote. Zilizofika zilihitaji matengenezo kabla ya kuanza kazi. Bedfordshire ilipangiwa bandari ya Morehead City, kaskazini magharibi kidogo ya Cape Lookout.

Huko ilifanya doria, ilisindikiza meli, ilitafuta manusura. Aprili 14 manowari ya Kimarekani Roper iliizamisha U-85 karibu na Nags Head, na Bedfordshire ilitumwa kusaidia kazi kwenye mabaki yake. Hali ya majini hapo ilikuwa mbaya kwa asdiki kuliko karibu popote walipowahi kufanya kazi. Mkondo wa Ghuba, wenye maji ya moto, unakutana na maji ya baridi yanayoshuka kutoka kaskazini, kwa hiyo mlio unapinda. Kina ni mita 30 au 40 mahali pengi, kwa hiyo mlio unagonga chini na kurudi. Na kila wiki kulikuwa na meli mpya iliyozama, chuma tupu kilicholala mchangani, chenye mwangwi uleule wa nyambizi iliyotulia. Trola ziliangusha mabomu mengi juu ya maiti za meli.

Uchovu nao ulikuwa hatari. Mei 6, trola mwenzao Senateur Duhamel iligongana gizani na manowari ya Kimarekani Semmes karibu na Cape Lookout, ikazama. Meli zote zilikuwa zimezima taa, kila mmoja akimhofia mwenzake kuwa adui.

Katika miezi hiyo kulitokea jambo dogo ambalo bila hilo huenda tusingejua majina ya makaburi. Aprili 10 meli ya mafuta ya Uingereza San Delfino ilizamishwa na U-203, na miili ya baadhi ya mabaharia wake ikatupwa ufukweni. Aycock Brown, mtu wa upelelezi wa majini aliyekuwa kwenye kisiwa cha Ocracoke, alitaka bendera za Uingereza za kufunikia majeneza yao. Alipanda Bedfordshire, na ofisa kijana, Luteni Mdogo Thomas Cunningham, akampa.

Tarehe 11 Mei, Bedfordshire ilikuwa doria nje ya Cape Lookout. Karibu nayo ilikuwa U-558, nyambizi ya aina ya VIIC, chini ya Günther Krech. Linganisha vyombo viwili hivyo. Nyambizi ilikuwa na urefu wa mita 67, ndefu kuliko trola. Juu ya maji ilikimbia noti 17 na nusu, kwa hiyo trola isingeweza kuifuata hata ikiiona. Ilibeba topedo 14, kila moja na baruti kilo 280. Krech alikuwa amekaa siku nyingi eneo hilo akipata windo dogo, na kwa kawaida nahodha wa nyambizi hakupoteza topedo kwa trola: chombo kifupi, kinachobadili mwelekeo kila mara, rahisi kukikosa. Akaamua kutumia. Mara ya kwanza alikosa. Hakuna dalili kwamba watu wa Bedfordshire walijua wameshafyatuliwa. Saa 5 na dakika 40 usiku topedo nyingine iliipiga, na ikazama mara moja.

Kuhusu kutosikika kwa wito wa msaada, jibu liko kwenye uwiano wa baruti na meli. Kilo 280 zikilipuka chini ya mkanda wa maji wa meli ya mita 49 zinaivunja uti wa mgongo. Wimbi la mlipuko peke yake linazima jenereta, na redio ya wakati ule bila jenereta ilihitaji mtu abadilishe kwenda kwenye betri, asubiri valvu zipate moto, aandike mahali meli ilipo, ndipo apige. Hiyo ni kazi ya dakika kadhaa mikononi mwa mtu aliyetulia. Meli ikizama kwa sekunde, redio haina maana yoyote. Maboya hayawashwi, mashua hazishushwi. Na aliyepata bahati ya kuruka majini alikuwa gizani, usiku, bila mtu nchi kavu anayejua kwamba ana sababu ya kumtafuta. Walikufa wote 37. Mpiga makaa mmoja alisalimika kwa kuwa aliachwa Morehead City meli ilipong'oa nanga.

Wasomaji wengi hudhani mabaharia walizembea. Sioni hivyo hata kidogo. Nyambizi za Wajerumani zilipenda kushambulia usiku zikiwa juu ya maji, zikionyesha mnara mfupi tu, na ofisa akilenga kwa darubini ya mnarani. Chombo kikuu cha trola, asdiki, hakikutengenezwa kumwona adui wa namna hiyo. Rada iliyoweza kugundua mnara wa nyambizi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kugawiwa, na trola hazikuwa mwanzoni mwa foleni. Zilibaki na macho ya walinzi darajani, mita chache juu ya maji, huku bomba la moshi la meli ya makaa likiwatangaza. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa la mpango: trola zilitumwa doria moja moja au mbili mbili kutafuta adui katika bahari pana, badala ya kukaa kando ya msafara ambako adui mwenyewe analazimika kuja na kuzama ili asogee. Katika msafara, trola ya noti 12 yenye asdiki hafifu inatosha. Nje ya msafara, mwindaji ndiye anayewindwa.

Tena dawa ilikuwa njiani. Msafara wa kwanza wa pwani kwenda kusini ulitoka Hampton Roads tarehe 14 Mei 1942. Siku hiyohiyo, walinzi wa pwani waliokuwa zamu Ocracoke waliona miili miwili majini. Mmoja ulikuwa wa Stanley Craig, mhudumu wa redio. Wa pili Aycock Brown aliutambua kwa kuutazama: Thomas Cunningham, yule aliyempa bendera. Ndivyo wakuu walivyojua kwamba Bedfordshire imepotea. Bendera moja katika zile zilizobaki ndiyo iliyofunika jeneza lake. Siku chache baadaye wakapatikana wengine wawili waliokosa kutambulika, wakazikwa pamoja nao kwenye kipande cha ardhi cha familia moja ya kisiwani. Kila Mei hufanyika kumbukumbu ya kijeshi mbele ya makaburi hayo manne.

U-558 nayo haikudumu. Tarehe 20 Julai 1943, kwenye Ghuba ya Biscay, ndege za Uingereza na Marekani ziliipiga ikazama. Krech na wenzake wanne tu ndio waliookolewa. Trola zilizobaki Marekani ziliendelea na kazi. Kingston Ceylonite ilizamishwa Juni na bomu la majini lililotegwa na U-701 mlangoni mwa ghuba ya Chesapeake. Le Tiger ililipa kisasi: Julai 3 iliizamisha U-215 kwa mabomu ya kina, ikiwa kando ya msafara. Nyambizi zilipohamia rasi ya kusini mwa Afrika mwishoni mwa 1942, trola kadhaa za kundi hilohilo zilivushwa tena Atlantiki, safari hii kwenda kulinda meli za Cape Town na Durban.

Mabaki ya Bedfordshire yalitambuliwa mwaka 1980, mita 32 hivi chini, na mwaka 2015 yakaingizwa katika orodha ya kitaifa ya mahali pa kihistoria ya Marekani. Wapiga mbizi huenda kuyaangalia, lakini ni kaburi la vita: hakuna kuingia ndani wala kuokota chochote.

Ukitaka kuendelea kutafuta mwenyewe, tumia namba yake ya ubavuni, FY141, maana kuna meli nyingine zenye majina yanayokaribiana. Vitabu vingine vitaiandika HMS Bedfordshire, vingine HMT. Ni meli ileile, ila HMT iliandikwa pia kwa meli za kubeba askari, kwa hiyo hakikisha unasoma kuhusu trola. Usishangae kukuta tarehe mbili za kuzama kwake. Wajerumani waliandika saa 11 na dakika 40 alfajiri ya Mei 12 kwa sababu nyambizi zao zilishika saa ya Ujerumani popote zilipokuwa. Kwa saa ya North Carolina, iliyokuwa saa 6 nyuma, ulikuwa bado usiku wa Mei 11.